Bata wa Banda la Mbaruku

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu ambayo mabati yake hayajashika kutu, aliishi mjane mmoja katika kijiji cha wakulima wa mpunga. Aliitwa Bi Mwantumu. Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Mumewe, Mbaruku, alikuwa fundi wa kila kitu na bingwa wa kutomaliza. Alianza dirisha, akaliacha. Alianza kisima, kikageuka shimo la takataka. Kazi moja tu aliimaliza maishani mwake: banda la bata nyuma ya nyumba, la fito na udongo, lenye kimlango cha komeo, la kumtosha jike mmoja na watoto wake. Alilimaliza Jumatano. Ijumaa akazikwa. Bata wenyewe hakuwahi kuwaona.

Basi Bi Mwantumu akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nguo nyeupe, na kila asubuhi akachora mstari wa mkaa ukutani. Hakulia. Waliokuja kumpa pole walilia, yeye akawapa maji ya kunywa. Wakishaondoka alijilaza akautazama ukuta. Chakula kilikuja na chakula kilirudi, na kule nyuma banda limefungwa komeo, tupu.

Watu watatu waliompenda wakaona, jamani, huyu anatuponyoka. Kila mmoja akaenda kivyake, bila kumwambia mwenzake, akamletea bata.

Wa kwanza alikuja wifi yake, Bi Chausiku, dada wa marehemu. Alileta bata mwembamba, mrefu, anayesimama wima kama mtu anayechungulia kwa jirani.

"Wifi, huyu ni wa mayai," alisema. "Kila alfajiri yai, hakosi. Kaka mwenyewe aliniambia, lile banda nalijenga kwa bata wa namna hii."

Kesho yake akabisha hodi Mzee Shekue, rafiki wa marehemu tangu utotoni. Alileta bata wa kienyeji, uso mwekundu una vinundu tele, sauti hana, akikasirika anatoa pumzi tu.

"Shemeji, huyu ni wa kulea," alisema kutoka mlangoni. "Nimemtoa mnadani. Wanasema akikalia yai haondoki. Mbaruku aliniambia, nataka bata wa namna hii."

Siku ya tatu akafika Zena, binti yake, aliyeolewa kijiji cha pili. Alileta bata mweupe, mnene, mdomo wa rangi ya chungwa, na kelele zake zilisikika kabla yeye hajafika.

"Mama, huyu ni wa kuichangamsha nyumba. Nyumba imekuwa kimya mno, mama. Na baba aliniambia kabisa, bata weupe."

Unaona? Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kumwitikia kila mtu.

Bi Mwantumu akawajibu wote jibu moja. "Banda ni la mmoja. Sitalibomoa, na sitaliongeza hata ufito, maana mkono ulioliweka haupo. Nikitoka eda nitachagua mmoja, huyo ndiye atakuwa bata wa kwanza wa Mbaruku, na watoto wote watakaozaliwa ni wake. Wawili watarudi kwenu."

Wakakubali. Bata wakabaki uani, wenyewe wakarudi makwao, na kila mmoja moyoni anasema, wangu ndiye.

Haya. Yule mrefu akaanza kutaga. Lakini kutaga gani kule! Leo mlangoni, kesho kando ya mtungi, keshokutwa anatembea na yai linadondoka, na hata kugeuka kulitazama hageuki. Bi Mwantumu akawa hana budi kuinuka kuyaokota, yasije yakakanyagwa. Yalipofika saba akayaweka katika kapu bovu jikoni, na yule mwenye uso mwekundu akayaona, akapanda, akakaa. Mnauliza dume? Dume lilikuwa la jirani aliyelinunua juzi tu, likiruka ua kila jioni, na kwao dume halidai mtoto. Hupewa pumba, likafukuzwa.

Sasa sikilizeni kosa. Kijiji kile kilikuwa cha kuku. Bi Mwantumu amefuga kuku, mama yake kafuga kuku, bibi yake kafuga kuku, na bata ndio kwanza walikuwa wageni. Kwa hiyo chini ya mistari ya eda akaanza mistari mingine, akahesabu kama wanavyohesabu wenye kuku: siku ishirini na moja.

Siku ya ishirini na moja akainama kwenye kapu. Kimya. Ya ishirini na mbili, kimya. Ya ishirini na tatu, kimya. Jirani aliyepita akanusa, akasema, "Bibi wee, hayo yameoza, tupa."

Siku ya ishirini na nne Bi Mwantumu alikubali. "Nilijua tu," alisema. "Nyumba hii haitoi tena kitu hai." Akaingiza mkono chini ya bata akatoa yai, akalitupa nyuma ya migomba. La pili akalitupa. La tatu akalitupa, wala hakutazama lilivyopasuka. La nne, la tano, la sita. Aliporudi kuchukua la saba, bata akatanua mbawa zote mbili, akamshika mkono kwa mdomo wake, akambana mpaka damu.

"Ah! Kaa nalo basi," Bi Mwantumu akamwambia. "Wewe na mimi, tutaona nani atachoka." Akarudi kitandani, akageukia ukuta.

Harufu ya yale mayai ikatembea mpaka mashambani, ikamfikia kenge. Siku ya ishirini na saba, adhuhuri, kenge akapita migombani, akalamba alichokuta, kisha akaelekea jikoni kwenye kapu.

Yule mweupe akamwona. Siku zote alikuwa na kelele, lakini hii haikuwa kelele ya siku zote. Alipiga ukelele wa kufa na kupona, akazunguka uani, akaenda mpaka chini ya dirisha la chumbani akapigia hapo hapo. Na yule mama, ambaye watu watatu walishindwa kumwinua, akaruka kitandani bila kandambili, akanyakua mchi.

Alimkuta kenge ameshatia kichwa ndani ya kapu, na mwenye uso mwekundu amesimama juu ya yai anamdonoa machoni. Bi Mwantumu akashusha mchi mmoja, akashusha wa pili, akasema maneno ambayo mwanamke wa eda hapaswi kuyasema. Kenge akakimbilia mpungani, mkia haujui wapi pa kupita.

Mama akakaa chini kwenye majivu. Ndipo aliposikia. Kitu kilikuwa kinagonga. Kidogo, kidogo, kutoka ndani ya yai.

Asubuhi yake, siku ya ishirini na nane, kikatoka kifaranga, kimelowa, macho kama punje mbili za pilipili manga. Bi Mwantumu akakifuta kwa ncha ya nguo yake nyeupe, na hapo ndipo akaelewa. Akaelewa nini kilikuwemo ndani ya yale sita. Akalia, jamani. Aliyalilia mayai sita, na kwa kilio hicho hicho akamlilia Mbaruku, siku nzima, mpaka sauti ikaisha. Jioni akaomba chakula, akala akamaliza.

Mistari ukutani ikatimia. Siku ya kutoka eda Bi Mwantumu akaoga, akavaa kanga za rangi, akatoka uani. Wale watatu walikuwa wanamngoja mbele ya banda.

"Wifi," akasema Bi Chausiku, "kitazame kifaranga kilivyosimama wima. Huyo ni damu ya wangu. Bila yai, hawa wengine wangekalia nini na kulinda nini? Mawe?"

"Shemeji," akasema Mzee Shekue, naye alisema polepole, "yai peke yake ni la kukaanga. Wangu amekaa siku ishirini na nane. Na ulipokuja wewe mwenyewe kulitoa, alikukatalia. Kovu unalo mkononi."

Zena alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama, wangu hakutaga, hakuatamia. Sina la kujivunia. Lakini angenyamaza siku ile, yai lingeliwa. Na wewe ungekuwa bado umelala. Mimi sikumleta kwa ajili ya yai, mama. Nilimleta kwa ajili yako."

Bi Mwantumu alikitazama kifaranga. Kinasimama kama yule aliyekitaga. Kinalala chini ya bawa la yule aliyekiatamia. Na yule mweupe akipaza sauti tu, hata kama kinakula, kinaacha chakula kinamkimbilia.

Na wewe hapo nyuma, nakuona, usiniambie awabakize wote watatu. Banda ni la mmoja, na aliyelijenga hayupo wa kulipanua. Usiniambie pia kifaranga kikae peke yake. Atakayeingia, kitaingia naye, na wawili watabebwa kwenda kwao, na kitawalilia.

Bi Mwantumu akaweka mkono kwenye komeo, ule wenye kovu. Akalivuta. Kimlango kikafunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, na ndani kulikuwa na nyasi kavu ambazo Mbaruku alizitandika mwenyewe.

Bata watatu wamesimama. Yeye ameshika mlango. Haya, semeni nyie wenye midomo: anayeingia ni nani?