Aliyesema Aliogelea Mwenyewe

Wapendwa, nisikilizeni kidogo. Kulikuwa na bwana mmoja aliyenusurika meli ilipozama. Miaka sita baadaye akaoa, akawachukua mkewe na wakwe zake kwenda kutembea kwenye rasi iliyo jirani na mahali pale. Ni pazuri, jamani! Bahari pande tatu, upepo mwanana, watu wanapiga picha. Na kule mwisho kabisa kuna mnara wa ukumbusho, umeandikwa majina ya waliokufa.

Baba mkwe akasema, "Mkwe, hebu tuhadithie tena ulivyopona."

Akahadithia. Meli ilivyolala ubavu, mayowe, na yeye alivyoogelea kwa muda wa saa tatu peke yake mpaka wavuvi wakamwokota. Mkewe akamshika mkono, anajivunia mume.

Palikuwa na mama mmoja pale anafuta majina kwa upindo wa kanga yake. Akageuka. "Samahani, mwanangu. Nimesikia na wewe ulikuwemo. Hukumwona Gervasi wangu? Kijana mrefu, alikuwa na boya."

Yule bwana amwone mara ngapi? Walikaa benchi moja tangu bandarini, wakala karanga pamoja. Na kule majini ni Gervasi aliyemsukumia boya: "Shika wewe, hujui kuogelea." Ndiyo, wapendwa. Hakujua kuogelea! Hata leo hajui.

Sasa angesema nini mbele ya wakwe? Akasema, "Sikumwona, mama."

"Haya, mwanangu. Ni kwamba watu walimwona na boya, halafu akaokotwa maiti, hana. Wanasema alikuwa amelewa, akaliachia. Baba yake amekufa anaamini hivyo."

Bwana akatembea mpaka kwenye gari, akamfungulia mkewe mlango. Yeye kupanda akashindwa. Akarudi, wakwe wanamtazama.

"Mama, nimekudanganya. Boya Gervasi alinipa mimi. Mimi sijui kuogelea."

Mlitegemea amkumbatie? Hakumkumbatia. Alimwangalia tu, akasema, "Sema tena. Kwa sauti, hawa wote wasikie."

Akasema tena, mbele ya wapiga picha, mbele ya mkewe, uso chini.

"Jumamosi uje kwetu, ukawaambie na majirani."

Na Jumamosi bwana akaenda.

Sisi je? Kila Jumapili tunasimama hapa kushuhudia: nilisoma kwa shida, nilijenga, nilipambana. Wewe ulipambana? Na dada yako aliyeacha shule ili ada ikutoshe wewe? Si yule pale benchi la nyuma, ambaye mtaani anaitwa mjinga, na wewe unasikia, unanyamaza? Tuna aibu ya kuonekana tulisaidiwa. Aibu ya kuwaacha wenzetu wakisemwa vibaya kwa wema waliotutendea, hiyo hatuna.

Leo sitafunga kwa wimbo. Nitakaa chini. Mwenye jina la mtu la kulitaja, asimame alitaje.