Gitaa Lililoshitakiwa kwa Kuiba Sauti

Palikuwa na Sultani mmoja wa mji wa Kitopeni, akiitwa Shaweji, mtu asiyetaka kabisa kitu cha rahisi. Akisikia chumvi imepatikana kwa bei nafuu, mchuzi haugusi. Basi akaagiza gitaa la umeme kutoka ng'ambo, lina vifungo vya dhahabu, kwa bei ya shamba zima la mikarafuu. Msiniulize sultani wa zamani alipata wapi umeme. Umeme alikuwa nao. Akili ndiyo ilikuwa inakatikakatika.

Gitaa likaja na waya wake. Sultani akautazama, akanuna.

"Gitaa langu mimi lifungwe kamba ukutani kama mbuzi?"

"Haiwezekani, Maulana," akasema waziri wake, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali.

Waya ukatupwa huko. Sultani akajiweka kitini, akalikwaruza gitaa lake kwa madaha. Likatoa kisauti! Mbu mwenye mafua ana afadhali. Akakwaruza tena, yaleyale.

Sasa, jirani na jumba lake palikuwa na harusi, na mpigaji alikuwa Siwatu, mwanamke fukara mwenye ulimi wa pilipili. Gitaa lake alilinunua kwa bei ya mbuzi, tena mbuzi mwenyewe kilema. Kwa gitaa hilo alikula yeye na mama yake mzazi. Bila hilo, ni kurudi kufua nguo za watu, na kufua alikuchukia kama ugonjwa. Siwatu akachomeka waya kwenye spika yake kuukuu, akagusa nyuzi. Lahaula! Madirisha ya Sultani yakatetemeka, na wapishi wake wakaacha sufuria wakaenda kucheza.

Sultani akaruka. "Cha bei ya mbuzi kikishinde cha bei ya shamba? Hapana! Kimeiba sauti ya gitaa langu!"

"Kimeiba, Maulana," akasema waziri.

Kesho yake Siwatu akaitwa barazani. Akaja na gitaa begani na spika kichwani. Mji mzima ukamfuata, maana watu wa Kitopeni kwa kesi za wenzao hawajambo.

"Wewe ndiye Siwatu?"

"Ndiye, Maulana. Kama kuna mwingine wa kushitakiwa, mimi nirudi nyumbani."

"Umeiba sauti ya gitaa langu!"

"Nimeificha wapi, Maulana? Kwenye pindo la kanga?"

"Humo kwenye kigitaa chako!"

"Na kabla sijaiiba, gitaa lako lilikuwa likiimba vizuri?"

"Halijapata kuimba hata siku moja!"

"Makubwa! Basi mimi ni mwizi hodari, nimeiba kitu ambacho mwenyewe hukuwa nacho."

Watu wakacheka. Waziri naye akacheka, akakumbuka kazi yake, akajikohoza. Sultani akapiga mguu chini. "Leteni shoka!"

Hapo Siwatu akalivuta gitaa kifuani. Aliliona gitaa lake limekuwa kuni, na beseni la nguo za watu likimsubiri. Lakini ulimi haukumwangusha.

"Maulana, nifahamishe hukumu kwanza. Nani anakatwa?"

"Gitaa lililochukua sauti ya mwenziwe litakatwa shingo hapa hapa!"

"Gitaa la mtu yeyote?"

"La mtu yeyote! Sheria yangu haitazami uso."

"Utaapa?"

"Naapa kwa kilemba changu!"

"Ameapa," akasema waziri.

"Ahsante. Sasa naomba gitaa lako na waya wake."

"Lifungwe kama mbuzi?"

"Nani kasema kufungwa? Sauti ikija lazima ipate pa kupitia. Wewe wageni wako huwaingiza dirishani?"

Sultani akafikiri. Hakupenda kuonekana mtu asiyejua kukaribisha wageni. "Leteni waya," akasema.

Siwatu akalichomeka gitaa la dhahabu kwenye spika yake, akapiga. Baraza zima likasimama. Sultani akatikisa mabega. Waziri alicheza mpaka kiatu kimoja kikamtoka kikaenda kumpiga askari.

"Imerudi!" akapiga kelele Sultani. "Sauti yangu imerudi! Sasa piga hilo lako, tulisikie lilivyobaki tupu."

Siwatu akapiga lake. Mabega ya Sultani yakatikisika vilevile. Akafumba macho, akaamuru magitaa yapigwe kwa zamu, asikie lipi ni lipi. Akataja, akakosea. Akataja tena, akakosea vibaya zaidi. Ikamuuma sana, shamba zima la mikarafuu!

"Sauti ni moja!" akanguruma. "Hakuna tofauti hata chembe! Moja limeiba ya mwenziwe, mmesikia wote!"

"Tumesikia," wakajibu watu.

"Nami nimesikia, Maulana, na nakubali," akasema Siwatu. "Moja limeiba. Waziri, ulipooa mke mdogo, nani alipiga harusini?"

"Wewe."

"Kwa gitaa gani?"

"Hilo hilo lako."

"Lilikuwa na sauti gani?"

"Hii hii. Nilicheza mpaka nikachana kanzu."

"Na mtoto mliyempata yuko wapi?"

"Yuko chuoni, anasoma juzuu."

Waziri akajiziba mdomo kwa mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu ambacho Sultani hakukisema kwanza.

Siwatu akaliokota shoka walilolileta askari, akalishika kwa mikono miwili, akalinyoosha mbele ya Sultani kwa adabu zote.

"Basi, Maulana, langu lina sauti hii tangu mtoto wa waziri hajazaliwa. Lako limeipata leo, na sote tumeshuhudia likiichukua. Shoka hili hapa, na kiapo chako tunacho. Shingo ya mwizi utaishika mwenyewe, au waziri akusaidie?"