Mkono Usiolala

Katika mji wa Zamarani alitawala Sultani Mudhafari bin Harithi, na furaha yake ilikuwa mwanawe mmoja, Shahibu, mpaka jini Kartubashi alipomtia kijana ndani ya birika la shaba, na akaweka bao barazani pa kasri, na akaapa kwa pete ya mfalme wa majini: "Nacheza peke yangu, na nikianza siinuki wala sisiti mpaka kete ya mwisho mkononi iangukie shimo tupu na mkono wangu ulale. Atakayetaja shimo hilo namrudishia mwana wa sultani. Akikosea, shingo yake halali yangu!"

Wanajimu watatu walijaribu, na wote walikosea, maana kila mara kabla ya kuanza jini alihamisha kete moja tu na mchezo mzima ukageuka. Masikini, walikwisha.

Ndipo akaja Salha binti Mshamu, msusi wa mikeka, mchumba wake Shahibu. "Ewe jini, niache nitazame kabla sijajibu."

"Tazama mpaka macho yakutoke!"

Jini akapanga kete zake na kuanza, na kila alipochota za shimo lile lile la pembeni, Salha alisuka mstari wa miyaa ya rangi kuonyesha kila shimo lina kete ngapi. Mistari ikaongezeka, kumi, thelathini, hamsini, vidole vikamwaka moto. Mara, lahaula! Mstari wa hamsini na tatu ukawa sawasawa na wa kumi na mbili. Salha akaruka juu kwa kigelegele, akamgeukia sultani.

"Maulana, mkono wake hautalala! Kete zina hesabu, mashimo yana hesabu, na sheria ni ile ile. Amerudi alipokwisha kupita, basi atapita tena palepale, milele!"

"Mwongo!" jini akanguruma, huku mkono ukienda.

"Sasa unachota saba. Sasa mbili. Sasa tano." Akasoma mkeka wake, na mkono ukafuata kama mtumwa wake. Baraza zima likalipuka kwa shangwe, na Kartubashi, aliyefungwa na kiapo chake mwenyewe, akaanza kutokwa na jasho.

"Binti, nakuomba, nifungue!"

"Mtoe mchumba wangu kwanza."

Birika likapasuka, na Shahibu akasimama mzima. Hapo Salha akaondoa kete moja, moja tu, na jini alipochota mara ya tatu mkono ukalala. Jini akaivua kidoleni pete ile aliyoiapia, akampa Salha, akawa mtumishi wake.

Wakaoana, wakatajirika, na mkeka ule ukatundikwa juu ya lango la mji. Nasi tuliousikia mkasa huu tushike hili: kabla hujaapa kwenda mpaka mwisho, hakikisha njia yako ina mwisho.