Kiboko Alivyoutia Jina Lake Wimbo wa Nyenje

— Nije, nisije?
— Njoo!
— Nije na nini?
— Njoo na ngano!
— Na nikidanganya?
— Danganya vizuri!

Haya, kaeni. Na wewe mwenye simu, iweke chini, haitakimbia.

Hapo kale, wala si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshajua kuchaji simu kwa sola, palikuwa na Kiboko. Kiboko huyu alikuwa na bwawa lake, na matete yake, na mke wake, na mashine ya kurekodi nyimbo, moja tu pori zima. Kitu kimoja hakuwa nacho: sauti. Akiimba, bwooh! bwooh!, samaki wanafungasha.

Na palikuwa na Bi Nyenje, mdogo hata ukimkanyaga hujui kama umekanyaga. Bi Nyenje alikuwa na binti anayeolewa Jumamosi, na alikuwa amemtungia wimbo. Akaenda nao kwa Kiboko akaurekodi. Ukalia chrii chrii, chrii chrii, mpaka Kobe akatoa shingo, na Kobe hatoi shingo ovyo.

Wimbo ulipokwisha, Kiboko akaivuta mashine akaikalia.

"Wimbo huu ni wangu," akasema.

"Wako kivipi, Bwana Mkubwa? Si nimeutunga mimi?"

"Umeutunga wewe, umeingia kwenye mashine ya nani?"

"Yako."

"Basi. Kuanzia leo ukiuimba unaniibia."

"Hata kwenye harusi ya mwanangu?"

"Huko ndiko kwenye wezi wengi. Imba mwingine."

Bi Nyenje akamtazama, akamshukuru, akaaga kwa adabu. Mimi ningekuwa Kiboko ningeshtuka hapo hapo. Nani anaibiwa halafu anashukuru?

Kiboko hakushtuka. Alikuwa na wimbo. Akausikiliza asubuhi, akausikiliza mchana, akausikiliza akiwa majini na akiwa nje ya maji. Maisha yake yote kilichotoka kinywani mwake watu walikikimbia. Leo kuna kitu kizuri kimetoka nyumbani kwake. Lakini siku ya tatu raha ikaanza kumchosha. Unakuwaje na kitu kizuri, na hakuna anayekitamani? Akawaita majirani.

"Ruhusa kusikiliza," akawaambia. "Marufuku kutikisa kichwa. Marufuku kugonga mguu. Na wewe Kicheche, fumba mdomo, nisikuone unaufuatisha."

Kicheche akafumba mdomo. Simu aliibana kwapani, nayo inarekodi.

Kesho yake Kiboko anaota jua, akasikia juu ya mti: chrii chrii. Ni simu ya Kunguru. Akageuka, akasikia kichakani: chrii chrii. Ni simu ya Ngiri, na Ngiri mwenyewe anakata kiuno, mkia juu kama bendera.

Kiboko akaona wivu. Akaona wivu mpaka masikio yakacheza: pwata, pwata!

"We Kunguru! Wimbo wangu umeupata wapi?"

"Nimerushiwa, mzee."

"Umerushiwa na nani?"

"Na Ngiri."

"Na Ngiri je?"

"Karushiwa na Kicheche."

"Wimbo unarushwa?"

"Siku hizi kila kitu kinarushwa, mzee. Nikurushie?"

Sasa, Kiboko hajawahi kumiliki simu. Mguu wake ukigusa kioo, kioo kinakuwa unga. Kwa hiyo aliposikia kurusha akaelewa kurusha, kama mtu anavyorusha jiwe au embe bovu. Akaenda katikati ya bwawa, akainua kichwa, akaachama kinywa, waaa!, ili kila wimbo utakaopita angani audake, aumeze, urudi kwa mwenyewe.

Akaachama asubuhi. Akaachama adhuhuri. Mke wake, Mama Pwaju, akapita na beseni la nguo.

"Baba Pwaju, unafanya nini?"

"Nadaka nyimbo."

"Umedaka ngapi?"

"Nzi wanne."

Mama Pwaju akaendelea na nguo zake.

Kiboko akafunga kinywa, akatafuta njia nyingine. Akakandika dirisha la chumba cha kurekodi kwa tope. Mlangoni akatia komeo. Akajifungia humo na wimbo, hata chakula akawa anapitishiwa chini ya mlango. Mke akigonga, ngo, ngo, anaulizwa: "Umekuja kulisha au umekuja kusikiliza?" Na bado nje akasikia chrii chrii. Akaona wivu. Akaona wivu mpaka masikio yakacheza: pwata, pwata!

Hapo ndipo akasikia sauti ndogo chini ya komeo.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Nani?"

"Ni mimi Nyenje."

"Umekuja kuuchukua?"

"Niuchukue niupeleke wapi? Nimekuja kukuonea huruma. Jana nimemkuta Nyani anaucheza, nikamwuliza, huo wa nani? Akanijibu, hauna mwenyewe."

Neno hilo likamchoma Kiboko kuliko wizi wenyewe. Hauna mwenyewe! Akafungua komeo, akamvuta ndani Bi Nyenje, akalirudisha komeo.

"Nifanye nini?"

"Wimbo hautiwi komeo, Bwana Mkubwa. Wimbo unatiwa jina. Turekodi upya. Mle kwenye wimbo kuna mahali nauliza swali, kisha najibu 'mama'. Safari hii nikishauliza nitanyamaza, wewe uungurumishe jina lako. Atakayeurusha, atalirusha na jina lako. Atakayeucheza, atalicheza jina lako. Nani tena atasema hauna mwenyewe?"

Kiboko akatabasamu, meno yote nje, na meno ya kiboko mnayajua.

"Na ule wa zamani?"

"Ukishatoka mpya, nani atautaka wa zamani?"

Wakarekodi. Bi Nyenje akiuliza, Kiboko ananguruma. Swali lenyewe Kiboko hakulisikia hata moja. Alikuwa anasubiri zamu yake. Kuta zikatetemeka, tope la dirishani likabanduka, patapata! Wakarudia Jumanne, wakarudia Jumatano, wakarudia Alhamisi, maana kila mara Kiboko alisema jina halijatoka kubwa ya kutosha. Siku zote hizo mlango una komeo, na Mama Pwaju yuko nje anakunja nguo, anahesabu siku.

"Sasa, Bwana Mkubwa," akasema Bi Nyenje, "Jumamosi uje na mashine yako harusini, uupige mwenyewe. Mimi nitakaa kimya. Mbele ya watu wote isikike ni wa nani."

"Pori zima litakuwepo?"

"Na wakwe zangu kutoka ng'ambo ya mto. Binti anaolewa na Panzi."

Kiboko Ijumaa hakula. Alikuwa anajisikiliza.

Jumamosi asubuhi, jua limekolea, watu tele. Bibi harusi, binti Nyenje, kaketi kwenye jani la mgomba, macho chini. Bwana harusi, Panzi, kavaa kijani. Nyuma ya Panzi ukoo wake, na ukoo wa Panzi, wanangu, ni nzige. Wamejaa mpaka matawi yameinama. Mbele kabisa kakaa Mama Pwaju na kanga mpya.

Kiboko akaweka mashine, akaweka spika mbili, akapanua kifua. Mashine ikaanza.

*Chrii chrii, bibi harusi huyu wa nani?*

"WA KIBOKO!" spika zikanguruma.

Watu wakatazamana. Kiboko akaona wanavyotazamana, akafurahi: sasa wanajua.

*Chrii chrii, aliyemzaa ni nani?*

"KIBOKO!"

Mama Pwaju akasimama.

*Chrii chrii, atakayelisha wageni ni nani?*

"KIBOKO!"

*Chrii chrii, wakwe wakifika wafikie kwa nani?*

"KWA KIBOKO! KIBOKO! KIBOKO!" Hapo ndipo alipokuwa ametia jina mara tatu, kwa uhakika zaidi.

"Baba Pwaju!" Mama Pwaju sauti yake haikuhitaji spika. "Una mtoto nje!"

"Mama Pwaju, sikiliza..."

"Nimeshasikiliza! Tena umerekodi! Ndiyo maana komeo! Ndiyo maana umekandika dirisha! Jumanne umo ndani na huyu mwanamke, Jumatano umo ndani, Alhamisi umo ndani, mimi nakupitishia chakula chini ya mlango kama mjinga!"

"Tulikuwa tunatia jina!"

"Na mtoto umempa!"

Kicheche akacheka mpaka akaanguka kwenye sufuria tupu. Kobe, ambaye hajawahi kuuliza jambo la mtu, akauliza: "Lakini huyu binti mdogo hivi, alimpataje?"

Kabla Kiboko hajamjibu, mzee wa wale nzige akaruka, akatua kwenye pua yake.

"Baba mkwe, shikamoo."

"Mimi si baba mkwe wako!"

"Sauti ni yako, baba mkwe, na mashine ni yako. Sisi ni watu rahisi. Tumesikia tufikie kwako, tutafikia kwako. Tumesikia utatulisha, basi tumeshaliona bwawa lako, matete yanaonekana laini. Tutaanza na hayo. Majani ya ng'ambo ya bwawa tutayamalizia keshokutwa."

Nyuma yake ukoo mzima ukapiga mabawa: frrrrr! Kiboko akageuza macho akaona matete yake. Akaona kichwani mwake bwawa litakavyobaki jeupe, tope tupu, na yeye amesimama katikati kama jiwe. Mkewe huku, wakwe huku.

"Si wangu!" akapiga kelele.

"Nini si chako?" akauliza Bi Nyenje. Ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo siku hiyo.

"Mtoto si wangu!"

"Wimbo umesema ni wako. Na wimbo ni wako."

"Wimbo si wangu!"

"Sijasikia, Bwana Mkubwa. Na wale wa nyuma nadhani hawajasikia."

"WIMBO SI WANGU!"

"Basi ni wa nani?"

Kiboko akayatazama matete. Akamtazama mkewe. Neno likamtoka kama mtu anayeng'olewa jino.

"Wako. Wako wewe. Ni wa mama."

"Ahsante. Futa."

Kiboko akafuta kwa mguu wake mwenyewe, kwata!, na mashine nayo ikawa unga.

Nzige wakapozwa kwa majani waliyopikiwa tangu alfajiri. Bi Nyenje hakuwa mama wa kuita wageni bila kupika. Kisha akapanda kwenye jani la mgomba, akaketi karibu na mwanawe, akaimba. *Aliyemzaa ni nani?* Akajibu mwenyewe: *mama.* *Atakayelisha wageni ni nani?* *Mama.* Binti akalia, vigelegele vikapanda, lililili!

Simu zikainuka.

"Bi Nyenje, ruhusa?" akauliza Kunguru.

"Leo ruhusa, mmeniomba usoni. We Kicheche, toa simu kwapani, rekodi kama watu."

Wakarekodi, wakarushiana, wakacheza. Kiboko aliuona wimbo unapita kwa Ngiri, unapita kwa Nyani, unavuka mto na wakwe. Akaona wivu. Lo, akaona wivu mpaka masikio yakacheza, pwata, pwata! Lakini angesema nini? Mama Pwaju alikuwa bado hajakaa chini.

Ndiyo maana hata leo ukipita bwawani utakuta kiboko kajizamisha mwili mzima, kaacha masikio tu. Kule juu anasikiliza nani kaurushiwa. Kule chini anajibu maswali ya mkewe.

Ngano yangu imekanyaga ukingo, na ukingo umeteleza. Mwenye kwao aende kwao.

Na mnataka fundisho, nawajua. Fundisho ni hili: kila kitu chako kitie jina lako, tena kwa sauti kubwa. Na ukiona kitu cha mwenzio hakina jina, msaidie, tia la kwako.

Na ngano hii ni yangu. Marufuku kuisimulia. Nimeichukua kwa jirani yangu, na jirani mpaka leo hajui.