Radi Jazz na Mtindo Usio na Jina

Nipeni masikio, niwape kelele. Aliye tayari aseme "tupe". Asiye tayari akae karibu na mlango, maana hadithi hii ina magitaa na mimi sitaki lawama.

Palikuwa na bendi Morogoro, miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni lakini suruali za bugaluu zilipatikana, sijui kwa njia gani. Bendi yenyewe iliitwa Radi Jazz. Msiniulize jazz ilikuwa wapi. Siku hizo kila bendi ilijiita Jazz, na ukilikosa neno hilo kwenye ngoma kubwa ya mbele, watu walidhani ninyi ni kwaya. Radi Jazz walipiga roki. Kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na kula wali, sisi vijana tulikwenda kupiga bugi, yaani kucheza dansi la mchana, katika ukumbi wa Mama Pili Kondo, nyuma ya stesheni. Ukumbi ulikuwa wake, vyombo vilikuwa vyake, na neno la mwisho lilikuwa lake.

Wapigaji walikuwa kadhaa, ila walioibeba bendi ni watatu, kila mmoja na kipaji chake na ubishi wake.

Wa kwanza ni Fidelis Kobelo, mpiga gitaa la solo. Huyu aliabudu roki nzito, ile ya kina Black Sabbath, ambayo gitaa haliimbi bali linakoroma. Kifaa cha kukoromesha gitaa hakikupatikana nchi hii, basi Fidelis akachukua wembe akaichana spika. Kuanzia siku ile kila uzi alioupiga ulitoka na sauti ya lori linalopanda mlima Kitonga na mzigo. Mama Pili alipoiona spika yake, nusura amchane Fidelis mwenyewe. Alipoisikia, akasema, "Basi. Ila usiguse ya pili."

Wa pili ni Sikudhani Mbena, mpiga drams. Ndiyo, mwanamke. Majirani walisema maneno, naye akapiga kwa nguvu zaidi ili wasisikike. Sikudhani alipenda panki, ile ya kina Ramones: wimbo unaanza, unakimbia, unakwisha kabla yai halijaiva. Aliposhika vijiti, hata mtu mwenye madeni alitikisa kichwa.

Na wa tatu ni Salehe Jumbe, mpiga kinanda, mwenye sauti ambayo mimi sitaielezea sana kwa sababu mume wangu yupo hapa. Yeye alikuwa mtu wa Pink Floyd, wa roki ndefu ya kufumba macho, wimbo mmoja unakula upande mzima wa santuri. Sikudhani alikuwa akimtania, "Salehe, ukianza kuimba mtu ana mimba, ukimaliza mtoto anatembea."

Tatizo lao mmeshaliona. Kila mmoja alitaka bendi ipige roki yake peke yake. Jumapili hii Fidelis anakoroma, tunaziba masikio. Jumapili ijayo Sikudhani anatimua, tunaishiwa pumzi. Inayofuata Salehe anabembeleza, tunasinzia. Ukumbi ukawa unapungua watu, hata wauza kashata wakahamia kwingine.

Sasa, kuna jambo moja lazima mlijue. Bendi ya nchi hii bila mtindo ilikuwa mtoto bila jina. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wa kucheza, una hatua yake na una jina lake, na redioni mtangazaji alitaja bendi kisha akataja mtindo. Radi Jazz hawakuwa nao. Wangekuwa nao vipi, na kila wiki walikuwa bendi nyingine?

Siku moja Mama Pili akawaita. "Jumapili gari la redio linapita hapa likielekea Dodoma. Nimeomba wasimame warekodi. Mkinichezeshea ukumbi, vyombo vinabaki mikononi mwenu. Watu wasipocheza, Jumatatu navipeleka kwa bendi ya harusi. Wale wanajua wanachopiga."

Wote watatu waliondoka na hofu. Vyombo vile vilikuwa maisha yao, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kununua hata uzi wa gitaa.

Jumapili ikafika. Gari la redio likasimama nje, nyaya zikapitishwa dirishani, na Bwana Nkwabi, fundi wa kurekodi, akavaa visikizio vyake. Ukumbini tulikuwa watu wachache wa kuonea huruma. Mimi Asumini nilikuwa mmojawapo, nimevaa viatu vipya vya raizoni vyenye kisigino kirefu, nimejipulizia manukato, nimesimama peke yangu katikati.

Fidelis akatazama ule uwazi. Hakungoja mtu. Akafungua sauti yote na kupiga uzi mmoja, mzito, mrefu. Ukumbi ukatetemeka. Bati likatetemeka. Sokoni watu wakadhani treni imeacha reli, wakaja mbio, na wa stesheni nao wakaja mbio wakidhani soko limelipuka. Wakakutana mlangoni, wakachungulia, wakaona ni kijana mwenye gitaa. Kwa kuwa walishafika, wakaingia. Ukumbi ukafurika mpaka madirishani.

Lakini walisimama tu, wamefumbata mikono. Hakuna anayecheza ngurumo. Mama Pili alikuwa ameegemea ukuta, naye pia amefumbata mikono, na niliona anatazama vyombo vyake kwa macho ya mtu anayehesabu mizigo.

Ndipo Sikudhani akaingia. Hakuombwa. Alivikutanisha vijiti hewani, kisha akaitia ile ngurumo mbio za panki. Mikono iliyofumbatwa ikafunguka. Mzee mmoja wa sokoni aliweka kuku wake chini akacheza. Nami nikacheza, nikaruka, na niliporuka mara ya pili kisigino cha raizoni yangu ya kushoto kikavunjika. Nifanye nini? Kukaa chini mbele ya watu wote wale niliona aibu. Nikaendelea hivyo hivyo, mguu mmoja juu, mmoja chini, bega linazama, bega linapanda, uso mkavu kabisa utadhani ndivyo nilivyotaka. Tuliache hilo kwanza.

Katikati ya utamu, umeme ukakatika.

Gitaa kimya. Kinanda kimya. Sikudhani alikuwa ameshapiga mpaka mikono imekufa ganzi, naye akanyamaza. Na ninyi mnajua umeme ukikatika dansini watu wanafanyaje: wanageukia mlangoni kudai viingilio vyao. Mama Pili akafumba macho. Bwana Nkwabi akachungulia dirishani akasema, "Mimi nina betri, mkanda bado unazunguka. Ila sina cha kurekodi."

Salehe akashuka jukwaani. Hakuwa na kipaza sauti, hakuwa na kinanda. Akasimama kati ya watu na mlango, akafumba macho, akaanza kuimba taratibu, wimbo aliokuwa akiimbiwa na marehemu mama yake alipokuwa akitwanga. Nyimbo zake zile ndefu tulizokuwa tukizicheka! Urefu hasa ndio uliotakiwa. Aliimba ubeti, akatuachia kiitikio, tukakishika. Akaimba mwingine. Aliyekuwa na mguu mmoja nje akaurudisha ndani. Sikudhani akarudi polepole na ngoma kubwa peke yake, chini ya ile sauti. Nami, nikiwa mbele ya ukumbi, nikawa nachechemea kwa mapigo yale, maana kisigino hakikuota upya.

Walio nyuma yangu wakanitazama. Wakatazamana. Wakaona, aha, kumbe Radi Jazz wamepata hatua. Mmoja akachechemea, wa pili akachechemea, mara ukumbi mzima, mguu juu, mguu chini, mpaka yule mzee wa kuku. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mume wangu anajua hilo, nilishamwambia.

Umeme ukarudi, bila taarifa, kama ulivyoondoka. Gitaa la Fidelis likalipuka juu ya kiitikio, Sikudhani akakimbiza, Salehe hakuacha wimbo wake, na kwa mara ya kwanza watu wale watatu walipiga kitu kimoja. Kilikoroma, kilikimbia na kilibembeleza, vyote kwa pamoja. Tukachechemea mpaka vumbi likapanda darini.

Walipomaliza, Mama Pili alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Vyombo ni vyenu," alisema. Wakakumbatiana, na mimi nikakumbatia niliyemfikia.

Bwana Nkwabi akaingia, ametokwa jasho, anacheka. Akapewa kikombe cha chai. "Nimeupata," alisema. "Utapigwa wiki hii hii. Mtindo huu mnauitaje?"

Hapo furaha ikajikwaa.

"Ngurumo," Fidelis alisema.

"Mchakamchaka," Sikudhani alisema.

"Mwanaidi," Salehe alisema. "Ni jina la mama yangu."

Bwana Nkwabi akawatazama. "Mtindo mmoja, jina moja. Usio na jina haupigwi, ndiyo desturi ya kwetu. Nikimaliza chai hii, naondoka. Dodoma ni mbali."

"Nani aliwaleta watu?" Fidelis aliuliza. "Bila mimi mngepigia viti. Mtindo wa nani usio na watu?"

"Uliwaleta wakasimama," Sikudhani alijibu. "Mimi ndiye niliyewachezesha. Mtindo ni kucheza, kaka. Watu waliofumbata mikono wana mtindo gani?"

Salehe hakupandisha sauti. "Wote walikuwa wanaondoka. Aliyewaleta watu na aliyewachezesha walikuwa wamenyamaza. Ungerudi umeme, mngekuta ukumbi na kuku."

Na msidhani walikuwa wanagombania neno tu. Jina la mtindo ndilo linaloongoza bendi. Ukiitwa Ngurumo, Radi Jazz ni bendi ya roki nzito milele; ukiitwa Mchakamchaka, ni ya panki; ukiitwa Mwanaidi, watapiga taratibu na kwa kirefu mpaka tuzeeke. Kila mmoja aliapa kwamba jina lake likikosa, atahamia bendi nyingine kesho yake, na wapigaji wa wakati ule walikuwa wanahama kweli.

Mama Pili akajaribu kuamua. Akamwelekea Fidelis, akakumbuka mzee wa kuku. Akamwelekea Sikudhani, akakumbuka watu wakielekea mlangoni. Akamwelekea Salehe, na kusema kweli alitaka sana kumpa kwa ajili ya marehemu, lakini akajisuta: kila mtu ana mama, na huruma si hesabu ya haki. Mwisho akaugeukia ukumbi. "Mmecheza ninyi. Semeni ninyi."

Sasa hapo ndipo mimi, Asumini, nilipochechemea mpaka mbele, kiatu kimoja mguuni na kisigino mkononi. Nikauliza kwa adabu: ngurumo inasikika, mbio zinasikika, wimbo unasikika, lakini ile hatua, ambayo bila yake hakuna kinachoitwa mtindo, imetoka wapi? Watu wakatazama kile kisigino. Mama Pili akacheka mpaka akakaa.

Bwana Nkwabi amebakiza funda moja la chai. Kikombe kiko mdomoni, gari linanguruma nje, watatu wanangoja na bendi inaning'inia kwenye jina.

Haya, mmekaa kimya mno. Aliyewaita watu, aliyewachezesha, aliyewazuia wasiondoke, au aliyevunja kiatu: wewe ungempa nani haki ya kuubatiza mtindo ule? Jibu upesi, chai inakwisha.