Kawa na Chakula cha Asiyekuwepo

Kulikuwa na wakati, wajukuu zangu, ambapo nyumba zetu hazikuwa na makawa. Vyungu vilikuwepo, vinu vilikuwepo, na mbuzi za kukunia nazi, na vifumbu vya kuchujia tui. Wanawake wa kijiji cha Kikinduni walisuka mikeka ambayo mtu akiilalia alipata usingizi kabla hajamaliza kujinyoosha. Lakini kitu cha kufunikia chakula cha mtu hakikuwepo, kwa sababu hakukuwa na chakula cha kufunikwa. Kilichopikwa kililiwa na waliokuwepo, na kabla jua halijazama kila chungu kilikuwa kimeoshwa na kupinduliwa kando ya mafiga.

Walikuwa na sababu yao. Siku zile chakula cha kutengwa kilikuwa cha wafu peke yao. Ukimwekea mtu sehemu yake naye hayupo, ilikuwa kama umekwisha kumzika. Basi hakuna mama aliyethubutu, hata kama mwanawe alikuwa shamba la mbali na mvua imemzuia njiani. Aliyechelewa alikunywa maji akalala, na asubuhi hakumlaumu mtu.

Katika kijiji hicho aliishi binti aitwaye Siwatu, pamoja na baba yake, Mzee Shaali, fundi wa kuezeka nyumba, na kaka yake, Vuai. Mama yao alifariki Siwatu akiwa hajaweza hata kuinua mchi. Shangazi yao, Bi Mkasi, aliyekaa nyumba ya pili, ndiye aliyemfundisha kila kitu: kukuna nazi bila kufika kwenye kifuu, kupalia wali makaa juu na chini, kutwanga kisamvu mpaka kilainike kama uji. Alimfundisha pia ukindu. Alimwonyesha jinsi ya kuanika majani machanga ya mkindu mpaka yawe meupe, kuyachana kwa ukucha, kuyasuka yawe ukili, yaani ule mshipi mrefu unaoviringishwa kama kamba, na mwisho kuushona ukili, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka uwe mkeka.

Nyumba ile ilikuwa na furaha ya watu wachache. Asubuhi usingeingia uani bila kusikia mbuzi ikikwaruza nazi na Vuai akimtania dada yake kwamba mikono yake inasuka haraka kuliko inavyopika. Mzee Shaali hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na desturi ya kuonja mchuzi wa kwanza kwa ncha ya upawa, na akitikisa kichwa mara moja kuonyesha ameridhika, Siwatu alishinda siku nzima amechangamka.

Mwaka mmoja ukindu wa karibu ulikwisha. Siwatu alikuwa na mkeka wa harusi ya jirani aliouanza na hakuwa na kitu cha kuumalizia. Vuai akamwambia, "Ng'ambo ya kinamasi iko mikindu ambayo haijaguswa. Kesho nitakwenda."

Akaenda alfajiri. Mvua ikanyesha huko juu, kinamasi kikajaa, na njia aliyopitia kwenda haikuwa tena njia ya kurudi. Nyumbani Siwatu alipika wali wa nazi na kunde. Akangoja. Jua liliposhuka kwenye minazi, Bi Mkasi akachungulia uani akamwambia, "Mwanangu, chungu bado kina chakula na jua linakwenda. Unamngojea nani? Unataka kumtabiria kifo nduguyo?"

Siwatu alimtazama baba yake. Mzee Shaali akasema, "Pindua chungu."

Akagawa kilichobaki kwa watoto wa jirani, akakwangua ukoko akawapa nao, akaosha chungu, akakipindua. Mikono ilikuwa yake mwenyewe. Jambo hilo alilikumbuka miaka yote iliyofuata.

Haukupita muda Vuai akaingia, amelowa mpaka kifuani, miguu imechanwa na miiba, na kichwani amebeba furushi la ukindu alilolilinda lisiguse maji. Akalitua. Akaenda moja kwa moja jikoni, akakiona chungu.

"Hakuna hata ukoko?" akauliza.

Baba yake ndiye aliyejibu kutoka barazani. "Chungu kimeshapinduliwa, Vuai. Unaijua desturi."

"Naijua, baba. Nilidhani labda leo mtanikumbuka."

"Anayekumbukwa kwa chakula ni aliyekufa."

"Basi kwenu mtu ni bora afe," Vuai akasema, wala hakupandisha sauti. Akachukua nguo yake kavu kwenye kamba, akashika njia ya bara, asigeuke nyuma. Siwatu akamkimbilia mpaka kwenye kisima, akimwita kaka, kaka, lakini yeye alikuwa na hatua ndefu.

Mzee Shaali alitegemea angerudi kesho yake. Kesho ikapita, ikapita wiki, mpunga ukavunwa. Habari pekee iliyofika ni kwamba alionekana bara, akifanya kazi ya kuezeka kama baba yake. Toka hapo mzee akaacha kuonja mchuzi. Alikula alichopewa, akanawa, basi.

Siwatu alikuwa halali vizuri. Kila alipopindua chungu aliiona miguu ile yenye miiba. Siku moja aliinuka katikati ya kupakua, akatoa bakuli la mti, akatia wali na mchuzi, akaliweka kwenye kigoda pembeni. Bi Mkasi alipoliona akashika kifua.

"Siwatu, unamzika kaka yako akiwa hai?"

"Hapana, shangazi. Wafu hawali. Mimi namwekea anayekula."

Bi Mkasi akamgeukia nduguye ili amkataze. Mzee Shaali akainuka akatoka nje. Hakukataza, wala hakuruhusu.

Kuweka chakula kumbe ni kazi. Alikifunika kwa jani la mgomba, kuku wakalifunua. Akakifunika kwa mkungu wa udongo, kile kifuniko cha chungu. Mvuke ukakosa pa kwenda, ukageuka maji, ukadondokea wali, na asubuhi wali ukawa umechacha. Alifikiri jambo la kuwekea ni kupenda tu, kumbe na hewa nayo ina neno lake.

Ndipo alipolifungua lile furushi la ukindu. Alikuwa hajaligusa tangu siku ile. Mkeka wa harusi aliumalizia kwa ukindu wa kuomba. Akauchana ule wa furushi, akasuka ukili, akaushona duara bapa, kama sinia. Hewa ilipita, lakini duara lilibonyea katikati likagusa chakula, na unyevu ukakusanyika palepale. Akalifumua. Akalishona tena. Likabonyea tena.

Siku moja baba yake alikuwa juu ya paa la jikoni akibadilisha makuti, na Siwatu akimpokeza kutoka chini. Moshi wa mafiga ulikuwa unapanda, unajikusanya juu kabisa, kisha unapenya taratibu kwenye makuti na kutoka.

"Baba, kwa nini paa huliezeki bapa? Si ingekuwa kazi rahisi?"

"Bapa hubeba kila kitu, mvua na moshi," mzee akajibu bila kumtazama. "Ukilipa kilele, kila kitu hupata njia yake."

Jioni hiyo Siwatu akaanza upya, safari hii kutoka kwenye ncha. Alikaza mizunguko ya kwanza mpaka ikasimama kama chuchu, kisha akaiachia kidogo kidogo, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia, mpaka likatokea paa dogo la ukindu, kawa la kwanza. Karibu na ncha akapitisha ukili aliouchemsha na magome ya mkoko mpaka ukaiva wekundu, ili yeyote aingiaye ajue kwamba chakula kile kina mwenyewe. Akaliweka juu ya bakuli. Kuku walizunguka wakachoka. Mvuke ulipanda kileleni ukatoka polepole kwenye matundu ya ukindu, na alfajiri wali ulikuwa mkavu, mtamu kama ulivyopakuliwa.

Hakuuacha uharibike. Kila asubuhi aliula mwenyewe, au alimpa mpita njia, na mchana akapika mwingine akaufunika. Alifanya hivyo mavuno matatu. Watu walisema wakachoka.

Masika ya mwaka wa nne homa ikamwangusha. Alilala chumbani, mwili unawaka, na upande wa pili wa ukuta akasikia mbuzi ikikwaruza nazi. Ilikwaruza vibaya, ikisimama na kuanza tena kama mtu anayejifunza kutembea. Akajikokota mpaka mlangoni. Mzee Shaali, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukuna nazi, alikuwa ameikalia mbuzi, magoti juu, machicha yamemjaa miguuni. Wali wake uliungua chini na ulikuwa mbichi juu. Akapakua bakuli la binti yake, akapakua lake, kisha akachukua bakuli la tatu. Hapo akasita, mwiko mkononi.

"Sikumbuki," akasema, "kama Vuai alikuwa anapenda ukoko."

"Anapenda, baba."

Mzee akakwangua chungu, akauweka ukoko juu ya wali, akaliinua kawa kwa mikono miwili, akafunika. Siwatu akarudi kitandani akalia, na kilio kile kilimpa nafuu kuliko dawa ya Bi Mkasi.

Mpunga ulipoiva mwaka huo wote wawili walishinda shambani, Siwatu akipika na kufunika chakula kabla ya kutoka. Siku moja waliporudi alasiri walimkuta mtu amekaa barazani, mwanamume mwenye ndevu, mabega mapana, na panga la fundi wa kuezeka kando yake. Siwatu alimjua kwa miguu kabla ya uso. Makovu ya miiba yalikuwa bado yapo.

"Shikamoo, baba," Vuai akasema. Alikuwa ameinuka, na ilionekana hajaamua kama atakaa tena.

"Marahaba." Mzee akamtazama midomo ilivyokauka. "Umefika zamani?"

"Tangu adhuhuri."

"Na umekula?"

"Hapana. Nimeona chakula kimefunikwa ndani. Nikafikiri Siwatu ameolewa, na kile ni cha mumewe. Sikukigusa."

Mzee Shaali akaingia ndani. Akatoka na bakuli likiwa bado limefunikwa, akaliweka mkekani mbele ya mwanawe. Kisha akachukua kata ya maji, akainama, yeye mzee wa ndevu nyeupe, akaanza kumnawisha Vuai mikono.

"Baba, usifanye hivyo. Mwenye chakula ni nani?"

"Ni wewe," mzee akasema. "Kila siku kilikuwa chako. Siku ile ilitupasa kukungoja kabla ya kupindua chungu."

Vuai akalifunua kawa. Alikula taratibu, na hakuna aliyemharakisha. Alipofika nusu akasogeza bakuli katikati, na baba yake, aliyekuwa hajaonja kitu kwa hamu miaka minne, akanyoosha mkono akamega.

Bi Mkasi alisimama ukutani akayaona yote. Alikuwa na binti aliyeolewa mbali sana, ambaye jina lake hakulitaja mbele za watu kwa kuogopa kumtabiria. Kesho yake akaja uani kwa Siwatu na furushi la ukindu kwapani. Akakaa, akaukunja mguu, akasema, "Haya, mwanangu. Leo nifundishe wewe. Ile ncha inaanzwaje?"

Na tangu siku hiyo makawa yakaenea kutoka nyumba hadi nyumba, kutoka kijiji hadi kijiji, na kila kawa likawa na kilele na mzunguko mwekundu. Tangu siku hiyo mama akipakua huhesabu na ambao bado wako njiani, na mtu akirudi amechelewa haulizi kama amebakishiwa. Huambiwa tu akanawe. Siku hizi makawa ya plastiki yanauzwa madukani, mepesi, ya rangi za kila namna, na wanaokaza ukili kuanzia kwenye ncha wamebaki wachache. Hata hivyo, mkiingia nyumba msiyoijua mkakuta sahani imefunikwa pembeni, msiseme chakula kimewashinda watu. Yuko mtu wao ambaye bado hajafika.