Jina la Mtoto wa Komba

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Hadithi hii si ya zamani za kale. Ni ya Jumamosi iliyopita, wahusika wote wazima wa afya, na nimewaletea kwa sababu kesi yake imenishinda.

Darasa letu la kupiga picha lina kamera moja na wanafunzi wanne, wote wanawake, wote tumeanza juzijuzi. Salha ni fundi vioo. Alirithi duka la marehemu mumewe, na kioo hakimdanganyi. Mwanasiti anachora maharusi hina, na mkono wake hautetemeki hata bibi harusi akilia. Bi Kidawa ni mkunga mstaafu aliyepokea watoto hata hesabu kaiacha, na akimtazama mama aliyejifungua anajua dakika ijayo atafanya nini. Wa nne ni mimi, ambaye kipaji changu bado kinatafutwa.

Kwenye bustani ya wanyama nje ya mji wetu kuna nyumba ya komba. Ndani huwekwa kiza mchana kutwa, ili wanyama wadhani ni usiku wacheze, na watu huwatazama kupitia kioo. Komba mmoja alikuwa amezaa, na wiki tatu zikapita bila mtu kupata picha ya uso wa mtoto. Mtunza wanyama, Mzee Hoza, akatangaza: atakayeleta picha ya kwanza inayoonyesha macho yote mawili, yeye ndiye atakayempa mtoto jina, nalo litaandikwa kwenye ubao pale kiooni.

"Mpiga picha mmoja, jina moja," alisema. "Sitaki kamati. Na flashi ni marufuku."

Mtasema jina la komba ni kitu gani. Kwa wenzangu lilikuwa kitu. Watoto wa Salha waliitwa majina ya ukoo wa baba yao, wote watano. Wa Mwanasiti, wa kwanza alipewa jina na mama mkwe, wa pili na wifi, tena wifi aliyekuwa safarini. Bi Kidawa hakujaliwa kuzaa. Miaka yote alimkabidhi mtoto kwa wenyewe, akanawa mikono, akaenda zake. Jina analo moyoni tangu ujana wake, lakini hakututajia.

"Nitalitaja likipata wa kuitwa," alituambia.

Basi tukaingia saa nne asubuhi. Picha ya kwanza ilitoka safi kabisa, ila ilikuwa ya wanawake wanne wametoa macho, na taa ya mlangoni juu ya paji la uso la Salha. Ya pili, kamera ilishika alama za vidole kwenye kioo, zikaonekana vizuri za kupelekwa polisi, na komba nyuma yake doa tu la kahawia. Ya tatu niliipiga mimi. Nilisahau kuzima flashi. Kioo kikawa cheupe kote, mama komba akambeba mtoto kwa mdomo akaingia kwenye kisanduku chao cha kulalia, na Mzee Hoza akanisema mpaka nikatamani kuingia naye. Toka hapo nikapewa kazi ya kushika mikoba.

Salha akakitazama kioo kwa upande, kama anavyotazama dirisha la mteja. "Kinachotuponza ni mwanga ulio nyuma yetu," akasema. "Kioo kinaturudishia sisi wenyewe." Akakifuta, akaelekeza kamera ishikwe karibu kabisa na kioo, wima, isiegemee upande. Kisha akataka kitambaa cheusi kipana, na hakikuwepo ila kimoja. "Mzee Hoza, samahani baba, toka nje kidogo." Mzee akatoka na mlango akaurudisha. Salha akavua buibui lake, akabaki na gauni, akalitandaza lile buibui juu ya kamera na kichwa cha mpiga picha, mikono juu, kama anaanika nguo. Sura zetu zikafutika kiooni. Alisimama hivyo nusu saa nzima, jasho likimtiririka, wala hakuomba kupokezana.

Mwanasiti ndiye aliyekuwa chini ya buibui. Bila flashi, kwenye kiza kile, kamera ilihitaji karibu nusu sekunde kuona, na katika nusu sekunde hata pumzi inaharibu picha. Stendi hatuna. Akabana viwiko mbavuni na kupiga goti moja. Akaizuia kamera isijichagulie yenyewe cha kutazama. Akazungusha lenzi kwa vidole mpaka akaona manyoya mlangoni pa kisanduku. Halafu akatulia. Mimi nilichoka kwa kumtazama tu.

Bi Kidawa akakaa sakafuni, akatukataza kunong'ona. Mama komba alikuwa amerudi na mtoto, amemkumbatia kwa kutupa mgongo. "Msimfuate," akasema polepole. "Ananyonyesha. Akimaliza atamlamba, kwanza mgongo, halafu sikio. Akifika sikioni mtoto ataudhika, atageuza uso." Tukangoja. Ukalambwa mgongo. Likalambwa sikio. "Bado," akasema, na mimi nilikuwa naona wazi kwamba ni sasa hivi. "Bado. Haya, mwanangu."

Mwanasiti akabonyeza. Kamera moja, picha moja, na mama akamrudisha mtoto kisandukuni.

Na macho ndiyo hayo, mawili, makubwa, yamekasirika. Tulikumbatiana na kucheka mpaka Mzee Hoza akagonga mlango kuuliza kama amani ipo. Salha akavaa buibui lake, mzee akaingia, akaitazama picha, akatabasamu.

"Ya nani?"

Wenzangu wakasema wote pamoja.

"Kidole ni changu," Mwanasiti akasema. "Ukiulizwa nani kapiga picha, unamtaja aliyebonyeza."

"Ungebonyeza nini, shoga?" Salha akasema. "Bila mimi ungeleta picha ya pua yako."

"Na bila kuambiwa lini," Bi Kidawa akasema, "mngeleta mgongo."

Mzee Hoza akakuna kichwa. Angekuwa ndani angeamua kwa alichokiona, lakini alitolewa kwa heshima akatoka kwa heshima. Mchoraji wa vibao naye alikuwa keshafika, akasema jina lisipopatikana hadi alasiri yeye ataandika Junia tu, aende zake.

Hapo Bi Kidawa akainuka, akajipangusa vumbi. "Jina alitoe Mwanasiti," akasema. "Mimi nimeshazoea kukabidhi."

Neno hilo liliniuma. Nikadhani Mwanasiti atakataa, lakini aliinama akaitazama picha, na machozi yakamlengalenga, maana naye alitaka kulitoa jina lile. Salha akageuza uso akajifuta jasho ambalo lilikuwa halijakauka. Mzee Hoza akanigeukia: wewe ulikuwa ndani, hukufanya lolote, basi sema wewe. Wote watatu ni rafiki zangu.

Mchoraji ameshachovya brashi. Wewe ungemwelekeza kwa nani akaulize jina?